Moto Kwanza, Gesi Baadaye

Rejeta ikivuja njiani, gari la doria halifiki liendako. Ndiyo maana bomba la gesi la kulehemia halikosekani katika karakana zetu, na askari wengi huombwa kumsaidia fundi kulishika. Kabla ya kulishika yafaa aijue gesi yenyewe.

Propeni huizidi hewa kwa uzito mara moja na nusu, na buteni mara mbili. Zikivuja hazipandi zikapotelea dirishani kama wengi wanavyodhani. Hutambaa sakafuni na kutuama katika shimo la kukagulia magari, pale pale fundi aliposimama chini ya gari. Sehemu 2 au 3 za propeni katika sehemu 100 za hewa zatosha kulipuka. Gesi hizo hazina harufu. Ile harufu kali hutiwa kiwandani makusudi. Anayeisikia na afunge mtungi, afungue milango, wala asiguse swichi ya taa.

Basi mtungi usimamishwe wima, penye hewa ya kutosha, na viungo vyake vipakwe maji ya sabuni. Panapofura mapovu, ndipo panapovuja. Wako wanaotafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Ushujaa wa namna hiyo hauna nishani.

Wakati wa kuwasha, domo la bomba lielekee mbali na watu, mtungi na mpira. Mwenye kiberiti awashe njiti kwanza, ndipo afungue vali kidogo; mwenye kifaa cha cheche afungue kidogo na kupiga papo hapo. Moto ukikataa, afunge na kungoja gesi itawanyike. Hapa ndipo wengi huungua: kwa haraka zao huzidisha gesi, kisha hupiga cheche ya pili katikati ya wingu wasiloliona.

Mwali mzuri ni wa buluu. Ule wa njano wenye masizi waonyesha kwamba hewa haitoshi. Lehemu ya bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali mwali wa propeni hukaribia nyuzi 2,000. Kwa hiyo mwali upitishwe tu juu ya shaba iliyosafishwa, na lehemu iyeyushwe na joto la shaba. Ukikawia mahali pamoja, viungo vya jirani navyo vitaachia.

Tangi la petroli lisiguswe kabisa kwa bomba hili, hata kama limemwagwa lote. Mvuke uliobaki ndani ni hatari kuliko petroli yenyewe, na kulisuuza kwa maji si dhamana.

Kazi ikiisha, hufungwa kwanza vali ya mtungi. Mwali huachwa umalize gesi iliyomo mpirani, ukazimika wenyewe, ndipo vali ya bomba ifungwe. Domo hubaki na moto mkali kwa dakika kadhaa, ijapokuwa halionyeshi wekundu wowote.