Vijiti vya Pamba na Mhalifu Asiyekuwako

Mwaka 1993 hadi 2009, polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walikuta DNA, yaani kemikali ya urithi, ya mwanamke mmoja katika makosa yapatayo 40, mauaji yakiwamo. Akasakwa kwa bidii. Kisha, mwaka 2009, DNA hiyohiyo ikajitokeza katika alama za vidole vya mwanamume! Kumbe ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kukusanyia ushahidi. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, naam. Lakini utakasaji wa kawaida huua vijidudu tu, wala hauondoi DNA. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivyo, ISO 18385, kilitolewa mwaka 2016.