Je, ni Mungu Awashaye Moto wa Jehanamu?

Alikuja asubuhi siku ya kliniki ya presha, akakaa mwisho kabisa wa benchi. Zamu yake ilipofika tulimpima tukakuta 170 kwa 110. Tulimwuliza kama anakula vizuri. Akasema leo ni siku ya kumi na mbili, hata uji haupiti. Homa hakuwa nayo, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulipofunga mlango na kumwuliza kwa upole kuna nini nyumbani, aliinamisha kichwa, kisha akasema:

"Dada nesi, mzazi akishaambiwa mwanae anaungua, anakula vipi?"

Mwanawe wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 26. Aliondoka nyumbani kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi tumbo limejaa maji na macho ya manjano. Gongo ilikuwa imemaliza ini. Alifariki bila kurudi kanisani. Siku ya mazishi mmoja wa waliopewa nafasi ya kusema aliwaambia waombolezaji wasijidanganye, huyu amekwenda motoni, na liwe fundisho kwa vijana wengine. Watu walitikisa vichwa, wakanawa mikono, wakaenda zao. Mama alirudi nyumbani na maneno yale.

Msomaji mpendwa, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kujitolea kanisani tumekutana na swali hili zaidi ya mara moja, wodini na msibani. Mmoja anauliza habari za kichanga aliyefariki kabla ya kubatizwa. Mwingine anauliza habari za mume aliyefia nyumba ndogo. Maneno hutofautiana lakini swali ni moja: Kama Mungu ni mwema, moto ni wa nini? Na kama alijua yote tangu mwanzo, mbona alimwumba mtu wa kupotea? Mwezi huu tumeona tulizungumze waziwazi, maana mzigo huu mama akiubeba peke yake utamwangusha.

WALIOBEBA KWA HIARI NA WALIOFUNGWA KONGWA

Sisi wa Tura tunaishi juu ya njia ya zamani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, lakini kabla ya hapo njia ilikuwa ya miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, kisha ikaingia katika nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali, ambako maji yalikuwa ya shida. Waliponusurika na nyika ile, mahali pa kwanza pa Unyamwezi palikuwa hapa. Mwingereza Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kwamba jina Tura maana yake ni kutua mzigo. Wazee wetu hawahitaji kitabu kulijua hilo. Kutula kwa Kinyamwezi ndiko kutua.

Katika njia ile walipita watu wa namna mbili. Alikuwepo mpagazi wa Kinyamwezi aliyepatana ujira wake, akabeba pembe za ndovu au majora ya nguo, kilo thelathini na zaidi begani. Kwake safari ya pwani ilikuwa fahari, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Alikuwepo pia mateka, kongwa shingoni, akipelekwa asikokujua. Pengine ni mama, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Wote wawili walikanyaga vumbi moja. Lakini mmoja alikuwa akienda, na mwingine alikuwa akipelekwa.

Hapo ndipo penye fundisho la Kanisa juu ya utashi huru. Mungu angeweza kutufunga kongwa sote tukafika mbinguni bila hata mmoja kupotea njiani. Hakutaka. Musa aliwawekea Waisraeli uzima na mauti mbele yao, akawasihi wachague uzima (Kumbukumbu la Torati 30:19). Mtu hasihiwi kuchagua kama hana uwezo wa kukataa. Sisi akina mama tunalijua jambo hili kuliko wengi. Mtoto unaweza kumlazimisha aoge, unaweza kumlazimisha anywe dawa. Huwezi kumlazimisha akupende.

Vipi basi kuhusu Mungu kujua mapema? Daktari akimweleza mgonjwa kwamba asipoacha pombe ini litakufa, na likafa kweli, kujua kwa daktari siko kulikomwua. Mfano huu haumalizi fumbo lote, lakini unatusaidia tusimtwike Mungu lawama isiyo yake.

"SHETANI KANIPITIA"

Lawama zisizo zake, tena ni nyingi. Hebu tusikilize tunavyosema majumbani. Mume amempiga mkewe hadi kumvunja mkono: "Shetani kanipitia." Kijana amempa binti wa shule mimba: "Shetani kanipitia." Kana kwamba shetani ndiye aliyeinua mkono ule.

Na tusikopeleka kwa shetani tunapeleka kwa Mungu. Tumewahi kumpokea mama mwenye uchungu wa siku mbili, ameletwa usiku wa tatu, kizazi kimepasuka. Hatukuweza kumwokoa, wala mtoto. Msibani ikasemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina makosa. Lakini ile haikuwa kazi ya Mungu. Baiskeli ilikuwepo nyumbani. Iliyokosekana ni ruhusa ya ndugu wa mume.

Nasi wauguzi tusijitoe. Ziko siku tuliposema tumechoka kumbe tulikuwa tunapiga soga, mgonjwa akisubiri nje. Hilo nalo halikuandikwa na Mungu. Tulilichagua wenyewe.

Hatusemi kwamba kila anayepatwa na mabaya ameyachagua. La hasha. Walipomletea Yesu habari za watu waliouawa, naye akawakumbusha wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa wazo kwamba marehemu wale walikuwa na dhambi kuliko wengine (Luka 13:1-5). Kwa hiyo tuache kumwambia mwenye virusi vya UKIMWI au mama mgumba kwamba hiyo ni adhabu yake. Na tuache kumtazama bibi kizee kwa macho yake mekundu. Mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni alizotupikia miaka hamsini. Vikongwe wengi wa Unyamwezi na Usukuma wameuawa kwa sababu hiyo ya macho, na waliowaua walichagua kuua.

KAMA KUSINGEKUWA NA HUKUMU

Wako wanaosema ni afadhali jehanamu isingekuwepo kabisa. Tunawaelewa. Lakini turudi kwanza kwa yule mama aliyepita hapa na kongwa, akielekea pwani. Kwa aliyetoka bara, Tura ilikuwa mahali pa mwisho kabla ya Mgunda Mkali. Wapo walioanguka huko wakaachwa. Hawana kaburi, wala jina lao halijaandikwa popote. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hapa Tanganyika sheria ya kukomesha utumwa ilikuja mwaka 1922. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alifariki Zanzibar mwaka 1905, mzee mwenye mali. Wanunuzi wa pembe huko Ulaya na Marekani walizifanya vinanda wala hawakuuliza zimebebwa na nani. Na tusiwanyoshee kidole majirani zetu Waislamu, maana Wakristo wa Ulaya nao walijaza merikebu za watumwa, na watemi wetu wenyewe waliuza watu.

Kama kifo kinafuta yote, basi aliyefunga kongwa na aliyefungwa wameishia sawa. Je, hiyo ndiyo haki? Maandiko yanatuonyesha waliouawa wakimlilia Mungu, wakimwuliza ni lini atawahukumu waliomwaga damu yao (Ufunuo 6:9-10), na Mungu hawakemei kwa kuuliza. Hukumu ya mwisho ni habari njema kwanza kwa aliyeonewa ambaye hakupata mahakama duniani.

Ila tuwe waangalifu hapo. Kusema kwamba hukumu ipo si sawa na kusema nani amehukumiwa nini. La kwanza tumefunuliwa. La pili hatukupewa.

NENO "JEHANAMU" LILITOKA WAPI

Akina mama wengi hawajasikia kwamba jehanamu lilikuwa jina la mahali. Nje ya Yerusalemu liko bonde la Hinomu, na kwa Kiebrania ndiko jina hilo lilikotoka. Katika bonde lile watu wa Yuda waliwateketeza wana na binti zao kuwa sadaka kwa miungu. Mungu, kwa kinywa cha Yeremia, alisema jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake (Yeremia 7:31). Yesu alipotafuta neno la kuwaonya wasikilizaji wake, alitumia jina la bonde lile.

Tulitafakari hilo, dada yangu. Moto wa kwanza ulioitwa jehanamu uliwashwa na wazazi, na waliochomwa ni watoto. Mungu ndiye aliyeuchukia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba jehanamu ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu moja kwa moja, na kwamba Mungu hamkusudii yeyote kwenda huko. Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza hivyo tena mwaka 1999. Makanisa hayasemi sawasawa katika kila jambo. Waadventista Wasabato, kwa mfano, hufundisha kwamba waovu watateketea na kwisha, si kuungua milele. Lakini Wakristo hukiri pamoja kwamba Mungu hafurahii kufa kwake mtu mwovu (Ezekieli 18:23).

Kuhusu vichanga waliofariki bila ubatizo, tume ya wanateolojia wa Vatikano ilitoa waraka mwaka 2007 ikieleza kwamba tuna sababu nzito za kutumaini kuwa Mungu anawaokoa. Mama uliyezika kichanga, usikubali mtu akuambie vinginevyo.

MACHOZI YA MONIKA

Zamani sana, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliishi mama Mwafrika aitwaye Monika. Mwanawe Augustino alikuwa na akili nyingi na maisha ya hovyo. Alikaa na mwanamke bila ndoa, akafuata dini nyingine, na siku alipotaka kwenda Roma alimdanganya mama yake akapanda merikebu usiku na kumwacha ufukweni analia. Monika alimfuata kwa sala miaka kadhaa. Hakuweza kumlazimisha. Mwaka 387 Augustino alibatizwa huko Milano, na mwaka huo huo Monika akafariki. Baadaye Augustino, akiwa mtu wa Mungu, alimaliza kitabu kizima juu ya utashi huru. Alikuwa analijua jambo analoliandika.

Utasema, Monika alibahatika kuona matokeo, wangu amekufa kabla. Ndiyo. Lakini mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alikuwa na saa chache tu (Luka 23:39-43), na kama mama yake hakuwepo pale, alikwenda kaburini akiamini mwanawe amepotea.

Tena Yesu anasema aliyepewa vingi atadaiwa vingi, na asiyejua atapigwa kidogo (Luka 12:47-48). Mungu hapimi wote kwa mizani moja. Sisi wauguzi tumeona pombe ilivyofunga watu: mkono unatetemeka, mwili mzima unadai, hiari imebaki kidogo kama utambi unaokaribia kuzimika. Mungu anajua kamba ilikuwa imekaza kiasi gani.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiwatishe watoto kwa moto. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba Mungu atamchoma atakua akimwogopa Mungu kama mtu anavyoogopa nyoka, na akipata nafasi atamkimbia.

Pili, tuwafundishe kusema "nimekosa" bila kumtaja shetani. Na watusikie sisi wazazi tukisema hivyo kwanza.

Tatu, msibani tusihukumu. Anayepewa nafasi ya kusema aeleze tumaini, au anyamaze.

Nne, kabla hatujasema ni mapenzi ya Mungu, tujiulize kama baiskeli ilikuwepo.

Yule mama alituuliza swali moja zaidi. Usiku wa mwisho alikaa kitandani akimsalia mwanawe masikioni, naye hasemi kitu. Je, alikuwa anasikia? Tulimjibu lile tulilofundishwa katika uuguzi, kwamba mgonjwa aliyezimia huenda bado anasikia, ndiyo maana huambiwa ndugu waendelee kuzungumza naye. Tulimwambia pia ukweli: "Mama, hatuwezi kukuambia mwanao yuko mbinguni. Lakini na yule kaburini hakuweza kukuambia yuko motoni. Aliyempa mwanao hiari ndiye aliyekuwa naye usiku ule, na anampenda kuliko unavyompenda wewe."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliomba uji, akanywa nusu kikombe. Wiki iliyofuata presha ilikuwa 150 kwa 95. Bado iko juu, na dawa anaendelea nazo. Lakini analala.

Ee Mungu mwenye haki, wewe hutufungi kongwa. Wakumbuke wana wetu waliokwenda mbali, walio hai na waliokufa. Tufundishe kuchagua mema leo, na tulichoshindwa kubeba tukitue miguuni pako. Amina.