Dubu Mweupe Asiyefukuzika

Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwapa wanafunzi kazi iliyoonekana ya kitoto. Kwa dakika 5 waseme kwa sauti chochote kinachowapitia akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akijitokeza, wagonge kengele.

Kengele zililia. Kubwa zaidi lilifuata waliporuhusiwa kumfikiria: walimfikiria zaidi kuliko wenzao waliopewa ruhusa tangu mwanzo.

Mwaka 1994 Wegner alieleza kwamba akili hufanya kazi mbili kwa pamoja. Moja hutafuta jambo jingine la kushika, nayo hutumia nguvu na huchoka. Nyingine hukagua chinichini iwapo wazo lililokatazwa limerudi, na kwa kukagua huligusa, kama mlinzi anayelazimika kuikumbuka sura ya mwizi usiku kucha. Mtu akielemewa, ile ya kwanza hulegea, mlinzi akabaki peke yake.

Dubu hamtishi mtu akiwa kitini. Yanayotisha ni mawazo ya kumsukuma mtoto ngazini, au kutukana katikati ya ibada. Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha mwaka 1978 kwamba hata watu wenye afya njema huyapata. Utafiti mwingine wa wanafunzi 777 katika nchi 13 ulikuta takriban 94% walipatwa na angalau wazo moja la namna hiyo ndani ya miezi 3. Wengi hulipuuza likapita. Anayeteseka ni yule anayelichukua kuwa ushahidi kwamba yeye ni mtu mbaya.

Jaribio la dubu lina kipande kisichosimuliwa sana, pengine kwa kuwa hakichekeshi. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa kwamba dubu akija, wafikirie Volkswagen nyekundu. Kwao, kule kumfikiria zaidi baadaye kulipungua. Waliokimbia walikuwa na pa kukimbilia.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ushauri uliosambaa ulikuwa mmoja: usijaribu kabisa kulizuia wazo. Mwaka 2023 Zulkayda Mamat na Michael Anderson wa Cambridge waliutia dosari. Kati ya watu 120 wa nchi 16, waliwafundisha baadhi, kwa siku 3 kupitia video, kulitazama neno linalowakumbusha hofu yao kisha kuizuia picha yake isijengeke. Hofu zilififia, wasiwasi ukapungua, na waliokuwa na dalili nzito ndio walionufaika zaidi. Hawa hawakuambiwa wajifanye hofu haipo. Kila zamu ilianza kwa kuikiri.