Cherehani ya Jinzi na Turubai: Ijaribu Kabla ya Kutuma Pesa

Unataka kushona jinzi au turubai na bajeti ni ndogo? Sisi tungechagua cherehani nyeusi ya chuma iliyotumika, si zile ndogo za plastiki zinazong'aa dukani. Nenda na kitambaa chako. Kunja jinzi mara mbili, iwe tabaka nne, weka sindano namba 16 au 18, ushone pole pole. Ikiruka mishono au gurudumu likikwama, achana nayo. (Ngozi nene ni kazi ya mashine nyingine, yenye mguu unaovuta ngozi kutoka juu.)

Muuzaji akisema, "Tuma kitu kidogo nikuwekee," usitume. Ukishajaribu, lipa kwa Till, soma jina la duka kabla ya kuthibitisha malipo, na usifute ile SMS. Ndiyo risiti yako ikiharibika kesho.