Mtoto Anataka Kujua Chakula Huenda Wapi

Mwambie mtoto wa miaka minne kwamba karoti zitamtia nguvu, kisha msogezee sahani. Huenda akala karoti chache kuliko mwenzake ambaye hakuambiwa neno. Michal Maimaran na Ayelet Fishbach waliliona hilo kwa watoto wa chekechea nchini Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi mitano hadithi fupi ya picha kuhusu msichana anayekula biskuti za chumvi au karoti. Baadhi yao walisikia kwamba chakula kile kilimpa msichana nguvu, au kilimsaidia kujua kuhesabu. Wengine walisikia tu kwamba alikula. Ilipofika zamu yao, waliosikia habari za faida walikula kidogo, na walipoulizwa juu ya ladha wakasema chakula si kitamu sana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto hahitaji kuufahamu msemo huo ili autumie. Ukiupigia debe mno mchicha, anajiuliza una kasoro gani. Hakuna aliyewahi kumweleza faida za maandazi, na maandazi huisha.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya afya vya watoto ninavyokutana navyo katika kazi yetu ya lishe hupita njia moja. Mtoto anakataa mboga. Mama anamwonya. Mtoto anaugua, anapelekwa kwa daktari, daktari anarudia yale yale ya mama, mtoto anakula, anapona, anashika namba moja darasani. Kisha yanafuata maswali ya zoezi. Nia ni njema, na michoro mingine ni mizuri kweli, lakini msomaji anafunga kitabu bila kujua mchicha ulifanya kazi gani baada ya kumezwa. Hilo ndilo alilokuwa anataka kujua.

Sarah Gripshover na Ellen Markman wa Chuo Kikuu cha Stanford waliamua kumjibu. Waliandaa vitabu vitano vya picha kwa ajili ya madarasa ya awali, walimu wakawa wanavisoma wakati wa vitafunio kwa muda wa miezi mitatu hivi. Vitabu hivyo vilieleza kwamba ndani ya chakula mna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwamba tumbo hukivunjavunja chakula mpaka vitu hivyo vikatoka. Kwamba damu huvibeba na kuvisambaza mwilini. Na kwamba mwili una kazi nyingi zinazohitaji virutubishi tofauti, kwa hiyo chakula cha aina moja, hata kiwe kizuri namna gani, hakitoshi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, watoto waliosomewa walikula mboga kwa hiari yao zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wakila mwanzoni. Watafiti wakaupambanisha mpango huo na ule wa kawaida, wa kuwahimiza watoto wafurahie chakula bora na kuonja vitu vipya. Yote miwili ilisaidia, ila watoto waliopewa maelezo walitangulia.

Mtu anaweza kusema tafiti hizi mbili zinagombana: moja inasema kutaja faida kunaharibu, nyingine inasema kueleza kunajenga. Mimi sioni ugomvi. "Kula upate nguvu" ni biashara, na mtoto anamjua mchuuzi akimwona. "Damu yako hubeba vitu vidogo kutoka tumboni hadi vidoleni" ni habari, tena ni habari ya ajabu kuliko hadithi nyingi za majini. Mtoto anayeipata huwa amepewa kitu cha kufikiria, na akikaa mezani anafikiri mwenyewe.

Kwetu habari hiyo ina kazi ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa ndizo zilizoongoza, na Iringa ilivuka nusu ya watoto wake. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Ghala limejaa, tumbo limeshiba, na mwili bado unadai. Sisi wa lishe tunaitaja hali hii kila siku katika semina, lakini sijui kama kuna mahali panapofaa kuieleza kuliko kwenye kitabu cha watoto, kwa sababu ni fumbo hasa: mtu anawezaje kushiba na kupungukiwa kwa wakati mmoja?

Nisieleweke vibaya. Udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zile siku 1,000 tunazozihubiri. Mtoto wa chekechea ameshazivuka, wala hakuna kitabu kitakachomrefusha. Ila kitabu cha picha husomwa na watu wawili. Anayekisoma kwa sauti mara nyingi ni mama mjamzito, au dada wa miaka kumi ambaye mchana ndiye anayemlisha mdogo wake uji. Nimeona akina mama wakisinzia mbele ya bango la kliniki na kuuliza maswali makali juu ya ukurasa wa kitabu cha mtoto.

Ndiyo maana kitabu kikikosea kinakosesha watu wawili. Chukua habari ya damu. Kwetu imani imeenea kwamba kinywaji chekundu huongeza damu, ndiyo maana rosela hupikwa kwa mjamzito na baadhi ya watu humwongezea na soda. Damu haitengenezwi kwa rangi. Inahitaji madini ya chuma, na madini hayo yamo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani. Yale ya mboga na maharage hufyonzwa kwa shida, yakisindikizwa na limau au chungwa hufyonzwa vizuri zaidi, na chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Mtunzi hodari angeweza kuifanya safari hiyo hadithi ya kusisimua: chuma anafika mlangoni mwa utumbo, chai amekaa kizingitini, limau anatokea. Hakuna haja ya mtu kuugua ndipo hadithi iende.

Michoro nayo inahitaji jicho. Carmel Houston-Price na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwapa wazazi vitabu vya picha vya mboga ili wavitazame pamoja na watoto wa karibu miaka miwili, dakika chache kila siku kwa wiki mbili. Mboga iliyotazamwa kitabuni ilionjwa kwa urahisi zaidi ilipoletwa mezani, hasa ile ambayo mtoto hakuizoea. Mtoto huogopa chakula kigeni, na picha hupunguza ugeni. Sasa fungua vitabu vya kujifunza majina vinavyouzwa madukani kwetu: tufaha, zabibu, stroberi. Tunawazoesha watoto matunda ya supamaketi, kisha tunashangaa mlenda ukikataliwa. Matembele, kisamvu, bamia, mnafu, viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, hivi ndivyo vinavyostahili kuchorwa, tena kuanzia shambani na sokoni hadi sufuriani.

Kuna suala la Sungura. Tumelelewa naye, na akiitwa kufundisha kunawa mikono huja bila kinyongo. Lakini Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea wa Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi ya kugawana vitu, mara ikiwa na watu, mara ikiwa na wanyama waliovishwa nguo na kupewa maneno. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliosikia hadithi ya watu ndio waliozidi kugawana vitu vyao na wenzao. Waliosikia ya wanyama hawakuzidi. Utafiti mmoja hautoshi kumfukuza Sungura, na mimi binafsi nisingependa afukuzwe. Ila kama kitabu kinataka mtoto afanye jambo fulani kesho asubuhi, ni salama zaidi kumpa shujaa mwenye jina la jirani yake.

Zanzibar walifanya hivyo. Katika kampeni ya kupambana na kichocho kisiwani Unguja kilitumika kijitabu cha katuni kiitwacho Juma na Kichocho, kikajaribiwa katika shule za msingi, na ripoti ya jaribio hilo ikachapishwa mwaka 2006. Ugonjwa wenyewe unafaa sana kusimuliwa. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai ya minyoo yanaanguliwa. Vimelea vinaingia ndani ya konokono wa bwawani, vinazaana humo, vinatoka kwa maelfu na kutoboa ngozi ya mtoto anayeogelea. Baadaye mtoto anakojoa damu. Akiambiwa tu "usiogelee", ataogelea, kwa kuwa kuna joto na rafiki zake wako majini. Akimjua konokono, walau ana sababu ya kusita.

Lakini kusita hakutoshi. Utafiti mkubwa uliofuata Unguja na Pemba tangu mwaka 2012 ulilinganisha shehia zilizopewa dawa peke yake, zilizopewa dawa pamoja na kuua konokono, na zilizopewa dawa pamoja na kazi ya kubadili tabia. Katika kundi hilo la mwisho walimu walifundishwa, michezo ya kuwatoa watoto majini ikabuniwa, na mahali pengine yakajengwa makaro ya kufulia na vyoo vya kukojolea. Maambukizi yalishuka sana kote, na tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa. Dawa ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Nawaomba wafadhili wanaopenda kupigwa picha na vitabu wakumbuke hilo: kitabu kinachomkataza mtoto bwawa huku kijiji hakina bomba kinamtwisha mtoto kazi ya idara ya maji.

Upande wa hisia za mtoto ndiko tulikolemaa zaidi, na kwa muda mrefu dunia nzima ililemaa pamoja nasi. Daktari Heinrich Hoffmann wa Frankfurt, Ujerumani, alikuwa na desturi ya kuwachorea watoto wagonjwa picha ili waache kulia. Mwaka 1844 alimtungia mwanawe kitabu cha Krismasi, kikatolewa mwaka uliofuata na kuenea duniani kwa jina la Struwwelpeter. Humo yumo mvulana anayekataa supu, akakonda siku baada ya siku, na siku ya tano akafa. Tabibu aliyejua kumtuliza mtoto kwa kalamu akaitumia kalamu hiyo hiyo kumtisha. Tusimcheke, zimwi letu la "atakuja kukuchukua usipokula" bado limeajiriwa.

Hofu hupata utii wa usiku mmoja. Mtoto mwenye huzuni, wivu juu ya mtoto mchanga aliyezaliwa, au hasira asizozielewa, anahitaji kile kile alichohitaji juu ya mchicha, yaani kuelezwa kinachotokea ndani yake. Ilipoingia korona mwaka 2020, mashirika ya kimataifa ya misaada yalitoa kitabu cha watoto kilichoandikwa na Helen Patuck baada ya kuwauliza watoto, wazazi na walimu zaidi ya 1,700 duniani wanaogopa nini. Kikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Kuuliza kwanza, ndipo uandike: utaratibu huo nauheshimu kuliko kitabu chenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, uko jirani. Nchini Uganda akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliungana mwaka 1992 wakaanzisha chama cha NACWOLA, na katika miaka ya mwisho ya tisini wakaanza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama alichukua daftari akaandika mtoto alizaliwa wapi, nani alimpa jina, ukoo wa baba yake ni upi, yeye mwenyewe anaumwa nini, na nani atamlea asipokuwepo. Wengine walibandika picha. Msweden Henning Mankell aliwatembelea, akaandika kitabu juu yao mwaka 2003. Katika nyumba zetu mtoto aliyefiwa bado huambiwa mama amesafiri, naye hungoja. Wale wanawake waliona kungoja huko ni adhabu. Dawa za kupunguza makali zilipoenea, baadhi yao waliishi na kulisoma daftari pamoja na mtoto, wakiongeza kurasa.

Kwa mtunzi anayetafuta kazi, nina ombi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Mtoto huyu ana maumivu yanayokuja bila hodi, anameza foliki asidi kila siku, anatakiwa kunywa maji mengi na kujikinga na baridi, na shuleni huitwa mvivu. Mtungie kitabu kinachomwonyesha chembe zake za damu zikijikunja na kukwama kwenye njia nyembamba, na kwa nini maji husaidia. Mpe rafiki anayeuliza maswali ya kipumbavu na mwalimu asiyejua kitu. Rasimu ikiwa tayari, ipeleke kwanza kwenye kliniki ya selimundu, ukae kwenye benchi pamoja na wagonjwa wa miaka saba, uwaache wakukosoe. Ukishamaliza, iweke kwenye maktaba ya African Storybook, ambako tangu mwaka 2014 hadithi hutolewa bure na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri na kuzibadilisha, ili muuguzi wa Mwanza aweze kuichapa kwa printa ya wodi na kumpa mtoto aende nayo nyumbani.