Kompyuta ya Bei Nafuu ya Kikundi: Ufunguo Uko kwa Nani?

Vikundi vingi vya kujisaidia vimefika mahali ambapo kitabu cha hazina kimejaa, cha pili kimeanzwa, na katibu anaombwa kila mara apeleke ripoti iliyoandikwa kwa kompyuta. Basi wanachama wanachanga, ama wanatoa kidogo kwa faida ya mwaka, na mtu anatumwa mjini. Huko anaonyeshwa laptopu ndogo inayoitwa Chromebook. Bei yake ni ya chini kuliko zile zilizopangwa kando yake. Anaambiwa ni nyepesi, betri yake inakaa, haisumbuliwi sana na virusi, na ati kila kitu kinawekwa "kwa wingu". Anarudi kwa mkutano na swali: tununue ama tusinunue?

Kwa kazi za kikundi cha kawaida mashine hii inatosha, tena inatosha vizuri. Lakini hizo ni pesa za watu, na kuna mambo mawili ambayo yakikosewa, pesa hizo zitakuwa zimetupwa. Yote mawili ni mambo ya ufunguo.

Wingu ni nini?

Kompyuta ya kawaida tunaweza kuifananisha na jiwe la kusagia la nyumbani. Unga unasagwa hapo hapo, na jiwe likivunjika kazi imesimama. Chromebook ni kama kupeleka mahindi kwa posho mil. Injini kubwa iko kule, si kwako. Wewe unabeba debe tu.

Mambo ni hivi. Chromebook za kwanza zilianza kuuzwa mwaka wa 2011, zikitengenezwa na Samsung na Acer kwa mpango wa Google, kampuni ya Marekani. Leo zinatengenezwa pia na HP, Lenovo, Dell, Asus na wengine. Ndani yake hakuna Windows. Mfumo wake unaitwa ChromeOS, na karibu kazi yote hufanyika ndani ya Chrome, ile programu ya kufungulia intaneti ambayo wengi wenu mnayo kwa simu. Barua unaandika kwa Google Docs, hesabu unafanya kwa Google Sheets, na ulichoandika kinawekwa kwenye kompyuta kubwa za Google zilizo katika majumba ya mbali. Hizo ndizo zinaitwa wingu. Hakuna kitu kilicho angani.

Kwa sababu kazi nzito haifanyiki ndani ya mashine, mashine yenyewe haihitaji nguvu nyingi. Nyingi zina memori ya GB 4 na nafasi ya kuweka vitu ya GB 32 tu, na hapo ndipo bei inashuka. Chaja za nyingi ni za wati 45, kwa hivyo hazili stima sana. Na mashine ikiibiwa, ikianguka au ikinyeshewa, hesabu zenu bado ziko. Mnaingia kwa mashine nyingine, hata ya saiba, na mnazikuta pale mlipoziacha. Angalieni tu: picha au faili uliyoipakua ikakaa kwenye mashine yenyewe, hiyo itapotea pamoja na mashine.

Akaunti ya bure ya Google inapewa nafasi ya GB 15, ambayo barua pepe, picha na faili zote zinagawana. Kwa hesabu na kumbukumbu za mkutano hiyo ni nafasi ya miaka mingi. Mkianza kujaza video za harusi za wanachama, itajaa, na ikijaa hata barua pepe zitaacha kuingia.

Inafanya nini, na haifanyi nini?

Tuseme kikundi kina wanachama 25 na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni shilingi 5,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 260,000, kabla ya kuhesabu riba za mikopo na faini za wachelewaji. Kwa karatasi, sifuri moja ikiteleza mwezi wa tatu, mtaitafuta mpaka Desemba mkiangaliana vibaya. Kwa Google Sheets mweka hazina anaandika kilicholetwa, na jumla inajipanga yenyewe kwa kila mtu: hisa zake, mkopo wake, salio lake.

Mbali na hesabu, mtaandika barua kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, mtafungua eCitizen, mtapokea barua pepe ya wafadhili na kuijibu siku hiyo hiyo, na mtasoma taarifa ya M-Pesa inayotumwa kama faili ya PDF. Faili za Word na Excel mlizoletewa na watu wengine zitafunguka.

Kisichofanyika ni kuweka programu za Windows. Ukiletewa programu ya hesabu kwa flashi, ile ya kuingizwa kwa kompyuta ya Windows, hapa haitaingia. Faili za Excel zenye makro, kama zile ambazo KRA imekuwa ikitumia kwa baadhi ya ritani, hazifanyi kazi kwa Google Sheets. Kwa kazi kama hizo mtaenda saiba. Mara moja kwa mwaka si neno.

Na kama kazi yenu yote ni WhatsApp na M-Pesa, msinunue kompyuta. Simu moja nzuri inatosha, na Google Sheets inafunguka hata kwa simu. Msinunue kwa sababu kikundi cha jirani kimenunua.

Mtandao ukikosa je?

Hii ndiyo hofu ya wengi, na ni hofu ya haki. Docs na Sheets zinaweza kutumika bila intaneti, lakini lazima muwe mmewasha ruhusa hiyo mapema, mkiwa na mtandao, katika mipangilio ya Google Drive. Baada ya hapo mweka hazina anaandika akiwa chini ya mwembe, na mashine inatuma kila kitu ikipata mtandao tena. Mkisubiri mpaka siku ya mkutano ndipo mjaribu, mtakuta hesabu hazifunguki.

Intaneti mtaitoa kwa simu ya mmoja wenu. Maandishi na hesabu hazili bando sana. Video ndizo zinakula. Kingine kinachokula ni masasisho, yaani mashine kujiletea programu mpya kutoka Google, jambo linalotokea karibu kila mwezi na linaloweza kumaliza mamia ya MB. Iacheni ifanye hivyo mahali penye Wi-Fi. Msiyazuie kabisa, kwa maana ndiyo yanayozuia wezi wa mtandao.

Ufunguo wa kwanza: mashine ya mtumba

Chromebook nyingi za bei ya chini mjini ni mtumba. Shule za Marekani zilinunua mashine hizi kwa wingi mno, hasa wakati wa korona mwaka wa 2020, na zikichoka huuzwa kwa jumla na kusambaa duniani. Mtumba si kitu kibaya. Lakini shule inaponunua Chromebook huiandikisha kwa jina lake, ili mwanafunzi asiifanyie apendavyo. Kama shule haikuiondoa kwenye daftari lake kabla ya kuiuza, mashine hiyo bado iko chini ya shule. Hata ukiifuta yote ndani, ikishika intaneti tu inarudi kuuliza nenosiri la shule.

Kikundi kimoja ninachokijua kilinunua mashine mbili za namna hii. Dukani ziliwaka vizuri na muuzaji akawaonyesha picha nzuri. Walipofika nyumbani na kuziunganisha na mtandao, zote mbili zikajifunga. Muuzaji akasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mpaka leo ziko kwenye kabati la mwenyekiti.

Basi msilipe kabla ya kufanya hivi, hapo hapo dukani. Iwasheni mashine na mwangalie kama imeandika kwa Kiingereza kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani. Halafu ifutwe: mkiwa kwenye ukurasa wa kuingilia, finyeni Ctrl, Alt, Shift na R kwa pamoja, na mfuate kazi ambayo Google wanaiita Powerwash. Ikimaliza, iunganisheni na intaneti ya simu yenu wenyewe na mwingie kwa akaunti ya kikundi mpaka ndani kabisa. Hatua hiyo ya intaneti ndiyo muhimu, kwa kuwa kufuli halionekani kabla ya mtandao. Muuzaji akikataa, ama aseme atawafanyia hivyo kesho, pesa zikae mfukoni. Kuna pia wanaosema wanajua fundi wa kufungua. Anayeweza kuitoa mashine kwenye daftari kwa njia ya halali ni yule aliyeiandikisha, na yeye yuko ng'ambo.

Mkiwa bado ndani ya mashine, nendeni kwenye mipangilio, mahali panapoeleza kuhusu ChromeOS, mtafute ratiba ya masasisho. Hapo pameandikwa mwezi na mwaka ambao Google wataacha kuitumia masasisho. Mwaka wa 2023 Google walitangaza kwamba watatoa masasisho kwa miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotolewa, si tangu siku mliyonunua. Za zamani zilipewa miaka michache zaidi. Tarehe ikipita mashine haizimiki, itaendelea kuwaka. Ila matundu ya usalama hayazibwi tena, na polepole tovuti zingine zitaikataa. Ya namna hiyo hata ikiwa bei ya kutupa, msiiingizie nenosiri la benki.

Ufunguo wa pili: akaunti ya kikundi

Vikundi vinavyoweka akiba vinajua sanduku la kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku halifunguki mpaka wote wafike. Cha ajabu ni kwamba kikundi hicho hicho kikinunua kompyuta, hesabu zote zinawekwa kwa akaunti ya katibu peke yake, ile anayotumia kwa mambo yake. Katibu akiolewa mbali, akipata kazi Mombasa, akigombana na mwenyekiti ama akifariki, zile shilingi 260,000 hazina kumbukumbu. Mashine mnayo mezani, lakini hesabu haziko ndani yake.

Kwa hivyo fungueni akaunti kwa jina la kikundi, na hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuingia kwa mashine mpya. Chromebook isiyoandikishwa popote humhesabu wa kwanza kuingia kuwa mwenyewe, na ndiye anayeamua nani mwingine aruhusiwe. Namba ya simu ya akaunti iwe laini ya kikundi, na laini hiyo itumike mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Akaunti yenyewe pia msiiache ilale: tangu Desemba 2023 Google wanaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Washeni ulinzi wa hatua mbili, ule wa kuomba namba ya siri pamoja na nenosiri. Mkishauwasha, Google watawapa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumiwa mara moja tu, za kuwasaidia simu ikipotea. Zichapisheni, zitiwe kwenye bahasha, na bahasha iingie ndani ya sanduku la kufuli tatu pamoja na nenosiri.

Je, watu wote watumie akaunti hiyo moja? Hapana. Faili za hesabu zianzishwe ndani ya akaunti ya kikundi, halafu mweka hazina na katibu waruhusiwe kuandika, kila mmoja kwa akaunti yake. Wanachama wengine waruhusiwe kusoma tu. Sheets huweka historia: nani alibadilisha nini, siku gani, saa ngapi. Kama mtu aligeuza 500 ikawa 5,000, itaonekana, na anayeruhusiwa kuandika anaweza kuifungua historia hiyo mbele ya mkutano. Wote wakiingia kwa akaunti moja, historia itaonyesha jina moja tu na hamtajua ni nani. Mimi naona faida hii inazidi hata ile ya hesabu kujijumlisha.

Msiruhusu faili isomwe na yeyote mwenye kiungo chake. Mna majina ya watu humo, namba za vitambulisho na madeni yao, na Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019. Watoto wakitaka kufanya kazi ya shule kwa mashine, waingie kama wageni. Mgeni akitoka, alichofanya kinafutika na hesabu zenu hajazigusa.

Kitabu cha karatasi kibaki. Kila mwisho wa mwezi chapisheni ukurasa mmoja wa jumla, viongozi watatu watie sahihi, ubandikwe kitabuni. Mama ambaye hajui kompyuta ana haki ya kuona hisa zake kwa macho yake.

Na siku ya uchaguzi, viongozi wakibadilishwa, sanduku lifunguliwe mbele ya wote. Nenosiri libadilishwe hapo hapo, waliotoka waondolewe ruhusa ya kuandika, waliochaguliwa waongezwe, na namba za akiba zitolewe upya. Shughuli hiyo ni ya nusu saa, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama makabidhiano ya kitabu cha benki.