Simu za mezani katika Afrika Mashariki

Simu za mezani katika Afrika Mashariki ni simu zinazounganishwa kwa nyaya na kituo cha simu. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwahi kuenea katika nyumba za watu wengi, na tangu miaka ya 2000 nafasi yake imechukuliwa na simu za mkononi.

Historia

Hadi mwaka 1977 huduma za simu katika nchi hizo tatu ziliendeshwa na shirika moja la posta na simu, lililokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi iliunda shirika lake. Mashirika hayo baadaye yaligawanywa, na huduma za simu zikatengwa na za posta: Tanzania ilipata TTCL kwa sheria ya mwaka 1993, Uganda ilipata Uganda Telecom mwaka 1998, na Kenya Telkom Kenya mwaka 1999.

Uhaba wa laini

Karibu na mwaka 2000 Kenya ilikuwa na laini takriban 300,000, yaani laini moja hivi kwa kila watu 100. Tanzania ilikuwa na laini chini ya 200,000 na Uganda chini ya 100,000. Nyingi zilikuwa mijini, hasa katika ofisi na biashara. Kupeleka nguzo na nyaya vijijini kulikuwa ghali, na mwombaji aliweza kusubiri kwa miaka kabla ya kuunganishwa. Watu wengi walitegemea vibanda vya simu, posta au simu ya jirani.

Kupungua

Simu ya mkononi haikuhitaji nguzo hadi mlangoni. Mtumiaji alinunua vocha kwa kiasi alichomudu, bila ankara ya kila mwezi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliongeza sababu ya kuwa na simu ya mkononi. Wizi wa nyaya za shaba nao uliharibu mitandao ya zamani.

Kwa hiyo watu wengi hawakuacha simu ya mezani, kwa kuwa hawakuwahi kuwa nayo. Simu yao ya kwanza ilikuwa ya mkononi.

Hali ya sasa

Simu za mezani bado hutumika katika ofisi, hoteli na hospitali. Namba zake hutambulika kwa msimbo wa eneo, kama 020 wa Nairobi na 022 wa Dar es Salaam. Nyaya mpya zinazofikishwa majumbani mijini ni za nyuzi za kioo, na hasa hubeba intaneti.